Mkalimani wa Diski

Saa nane mchana, joto la Tanga limelala juu ya mabati, na Mwanakombo, fundi wa kompyuta, analaza shavu mezani huku kidole kikiwa bado juu ya kitufe cha Ndiyo. Swali kwenye skrini ni lile lile: diski hii haijaandaliwa, niiandae upya? Ndani ya diski mna kamusi ya Kisambaa ya mwalimu Shekue, kazi ya miaka kumi na minne, nakala moja tu, ambayo Ndiyo itaifuta, na mwenyewe yuko kwenye benchi nje akisubiri jibu. Kope zinashuka, meza inakuwa barabara, barabara inazaa barabara, hadi penye lango lenye foleni na mlinzi asiye na uso. Unazunguka au huzunguki? anamuuliza kila anayefika. Sizunguki, inajibu flashi, tena mimi ni wa kuchomeka na kuchomoka. Pita kushoto. Mimi nazunguka, inasema diski nyingine, nimefungwa humu humu. Pita kulia. Ng'ambo ya lango, miji miwili inatazamana kama kitu na kivuli chake, na moyo wa Mwanakombo unadunda kwa furaha: kumbe ndivyo mfumo endeshi wa kompyuta unavyofanya kazi, hautazami umbo, unauliza na kuamini jibu! Natafuta diski ya mwalimu, anasema. Ile pale, tupu, anajibu mlinzi. Si tupu! Dada, usinipigie kelele, mimi sijui kilichomo, najua nilichojibiwa. Nimeomba orodha ya yaliyomo, sikukuta kitu. Zamani ilikuwa ikija na nani? Mwanakombo anakumbuka. Ilikuwa ikija ndani ya kasha lake la nje, lenye waya wa USB. Kasha limeungua, naye ameitoa diski na kuichomeka yenyewe, moja kwa moja kwenye kompyuta. Basi umemwacha mkalimani nje, mlinzi anacheka bila mdomo. Kasha ndilo lililokuwa likiijibia. Mimi nahesabu vipande vya diski kimoja baada ya kingine, lenyewe lilihesabu vinane kuwa kimoja. Orodha ipo, ila kwa hesabu yangu nimebisha hodi nyumba ya jirani. Mwanakombo anatimua mbio, barabara zinajikunja na kujikunjua chini ya miguu yake, anapaza sauti: mwalimu, lete kasha kama lile lile, lile lile hasa!

Anazinduka. Kidole kingali juu ya Ndiyo. Anakiondoa taratibu, kama anayekitoa mdomoni mwa mbwa. Mwalimu, anaita, huna kasha jingine kama lile lililoungua?

Mbona unauliza tena, binti yangu? Si umenituma sasa hivi? Nilinunua mawili siku moja. Mwalimu anaingia akihema na kumnyooshea kasha.

Kabla ya kulipokea, Mwanakombo anainua macho kwanza, ahakikishe kama mwalimu ana uso.