Gramu Tisa za Mrututu

Paskazia alikuwa amekwisha kumimina gramu kumi na sita za mrututu kwenye chupa alipogundua kwamba amejichimbia kaburi.

Ulikuwa mtihani wa kemia kwa vitendo, Mwanza, Novemba 1961, zikiwa zimebaki wiki mbili kufikia Uhuru. Watahiniwa walikuwa kumi na wawili, na shule ingepeleka mmoja tu kusomea udaktari. Msichana alikuwa yeye peke yake, na wavulana walikwisha kumshauri akasomee kupika.

Swali lilitaka sehemu ya kumi ya moli ya mrututu. Moli ni idadi, kama dazani, ila chembe zake ni nyingi mno kuhesabika, kwa hiyo huzipata kwa mizani. Paskazia alijumlisha shaba, salfa na oksijeni, akapata gramu mia na sitini kwa moli moja. Sehemu ya kumi, kumi na sita. Kazi imekwisha! Wavulana nao walipata hivyo hivyo. Nani Usukumani asiyeujua mrututu? Ni dawa ya kwato za ng'ombe, kavu kama kokoto. Nani angefikiria maji?

Ila baba yake, mzee Chenge, alikuwa mpima pamba aliyechaguliwa na wakulima wa Bujora, na hakuamini gunia kavu hata siku moja. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, maana wajanja hulowesha pamba ya katikati ili izidi uzito. Paskazia alizitazama punje za buluu zilizobaki. Maji yamo ndani! Kila chembe ya mrututu ina chembe tano za maji, na mizani hupima vyote. Gramu tisini zaidi kwa moli. Kwenye chupa yake zilipungua gramu tisa.

Aliinuka kuelekea kwenye mizani.

"Wewe!" alifoka Mwalimu Seif, msimamizi, kalamu yake tayari kuikata namba ya mtihani ya Paskazia. "Umeshapima. Nani kakunong'oneza?"

"Hakuna mtu, mwalimu."

"Basi unarudi kufanya nini? Sema kwa sauti, wote wasikie!"

Angeweza kusema amemwaga, lakini meza yake ilikuwa safi na uongo ungeonekana.

"Nimesahau maji yaliyomo kwenye mrututu, mwalimu. Zinatakiwa gramu ishirini na tano."

Viti kumi na kimoja vilikwaruza sakafu kwa pamoja. Kusema kulikatazwa, na aliyemlazimisha kusema alikuwa Mwalimu Seif mwenyewe. Akafunika kalamu.

"Pangeni foleni," alisema taratibu. "Wewe tangulia."

Paskazia alipima gramu zake tisa. Hakufukuzwa, na alipaswa kushukuru, lakini hasira ilimpanda. Nyuma yake walisimama wavulana kumi na mmoja ambao dakika moja iliyopita walikuwa wamekwisha kufeli, na nafasi bado ilikuwa moja.