Miguu ya Jessica

“Mutoto ni muvivu, ao banamuroga,” Falonne, wifi wa Godelive, alisema kwa mara ya tatu asubuhi ile. “Profeta wa Musienene ataona. Mutoto afunge siku tatu, bila kula, bila maji.”

“Funga wewe, shangazi. Mwili uko nao wa kutosha,” Godelive alijibu.

Kambere, mumewe, alitazama sakafu. Miaka mitatu ya vita ilikuwa imemzoeza kuinama mbele ya kila mwenye sauti kubwa, na dada yake hakupungukiwa sauti.

Jessica, mwenye miaka sita, alikuwa ameshika ukuta. Tangu macho yake yawe ya manjano, miaka miwili nyuma, hakuonja tena mafuta ya mawese. Butembo nzima inajua: ini likiuma, mafuta marufuku. Falonne mwenyewe alileta sufuria ya mtoto peke yake, sombe, yale majani ya muhogo, ikachemshwa kwa maji matupu, Godelive akatii. Utii huo ndio uliomchoma sasa kuliko yote. Choo cha mtoto kilibaki cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Sasa alitembea kama mlevi, na jioni aligonga viti asivyoviona.

Jana muuguzi Josaphat alimgonga kidogo chini ya goti ili kumpima. Mguu haukuruka.

“Nyongo haitoki vizuri, kwa hiyo mafuta hayaingii mwilini,” alisema. “Vitamini E inapita ndani ya mafuta. Ikikosekana siku nyingi, mishipa ya fahamu inaharibika. Mawese peke yake hayatatosha sasa. Peleka barua hii kwa daktari aliye Bungulu, kule Beni. Usichelewe. Kilichoharibika sana hakirudi.”

Godelive akamvuta mtoto katikati ya chumba. “Jessica, kutanisha miguu. Fumba macho.”

Mtoto akafumba, akayumba, akaporomoka. Mama akamdaka.

“Anaigiza,” Falonne alisema.

“Mama, hapana kusikia chini kwa miguu,” Jessica alinong'ona.

Kambere akainua kichwa. “Lakini barabara ya Beni, mama Jessica. Basoda na bunduki kila pahali. Tungoje kidogo.”

“Tulingoja miaka mbili, baba Jessica. Na miye njo nilichemsha ile sombe.”

Akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akachukua barua. Falonne akaziba mlango.

“Profeta anatungojea.”

“Mwambie aombee barabara.”

Akampita kwa bega, akasimamisha pikipiki ya kwanza.

“Beni.”

“Kuna barrière tatu za basoda, mama.”

“Nimesema Beni. Washa.”

Dereva akawasha. Wakaondoka.