Gauni la Mkono Mmoja

Jina la Kiranja alilipata bwenini, na ingawa mvi zilikuwa zimekwisha kupiga hodi kichwani, hakuna mtu aliyewahi kufikiria kumvua jina hilo. Kompyuta za ofisi alizozitunza alizitunza kama alivyowahi kulitunza bweni: kila kitu mahali pake, na hakuna kugusa kabla ya kuuliza. Basi adhuhuri ile alipoitwa kwa haraka kwenye chumba cha kushonea cha shemeji yake, mdogo wa mkewe, jambo la kwanza alilofanya mlangoni ni kunyoosha mkeka kwa ncha ya kiatu.

“Shemeji, uache mkeka wangu,” mshonaji akamwambia, pini nne zikiwa zimebanwa midomoni. “Njoo huku kwenye msiba.”

Msiba wenyewe ulikuwa umesimama katikati ya chumba, juu ya sanamu ya kujaribia nguo: gauni jeupe la harusi, zuri la kumsahaulisha mtu njaa, lenye mkono wa kulia tu. Mahali pa mkono wa kushoto palikuwa wazi. Kando yake, juu ya kigoda, alikaa mwenye gauni, binti wa Kiranja, ameshika tama. Harusi ilikuwa kesho kutwa.

“Baba,” akasema, “nikiingia ukumbini hivi watu watasema mahari haikutosha.”

“Nyamaza wewe,” mama yake mdogo akamkemea, lakini akacheka hadi pini moja ikaanguka.

Kisha akaeleza. Lesi iliyobaki ilitosha mkono mmoja, si zaidi, na madukani ilikuwa imekwisha. Maua ya mkono wa kushoto hayakufanana na ya kulia. Yalikuwa na mchoro wake, na mchoro huo ulikuwa ndani ya kompyuta, kwenye kabati la siri, yaani folda yenye kufuli, ambalo Kiranja mwenyewe alilitengeneza alipompa shemeji yake kompyuta ile zawadi. Jana kiwiko kiligonga kitufe, kabati likajifunga. Aliandika neno la siri, likakataa. Akaliandika tena polepole, kama mtoto wa chekechea, likakataa.

“Nikampigia simu fundi wa pale kona. Akaniambia nizime, niwashe, niingie kwenye menyu ya mwanzo, niifute chipu ya usalama. Anasema itakuwa safi kama sahani.”

Kiranja akageuka ghafla. “Umeifuta?”

“Ningeifutaje na gauni liko kazini? Kanuni yangu unaijua. Kazi ikiwa mezani, mashine haizimwi. Jioni nafunika kifuniko, asubuhi nafunua, naendelea nilipoachia.”

Kiranja alishusha pumzi ndefu, akaisikia nusu ya kwanza ya jibu hilo, na nusu ya pili ikaingia sikio moja ikatokea la pili. Alivuta kiti, akakipangusa nyuzi, akakaa wima.

“Nisikilizeni. Chipu hii ina visanduku vichache ambavyo havisahau kilichowekwa humo hata umeme ukikatika. Ufunguo wa kabati niliuweka katika kimojawapo. Neno lako la siri, shemeji, kazi yake ni kuiomba chipu iutoe ufunguo huo. Mkiifuta chipu, mmeutupa ufunguo chooni, na hakuna fundi atakayeuzoa.”

“Kwa hiyo tufanyeje?” akauliza bibi arusi.

“Tutazame. Kutazama hakuvunji kitu.”

Akafungua dirisha jeusi la amri. Amri ya kwanza ilitaka orodha ya visanduku, na chipu ikajibu kwa namba tatu. Akaandika ya pili, tpm2_nvreadpublic, ambayo haifungui kisanduku chochote bali husoma lebo zilizobandikwa nje. Mistari ikashuka. Visanduku viwili vilikuwa na vyeti vya kiwandani. Akavipita bila kuvigusa. Cha tatu kilikuwa chake. Aliitambua namba, kwa maana aliichagua mwenyewe.

Shemeji yake aliinama begani kwake, akinukia chaki na pasi ya moto. “Ufunguo umo? Au haumo?”

Kama kisanduku kilikuwa kitupu, yeye ndiye aliyempa binti yake zawadi ya mkono mmoja. Akafuata herufi kwa kidole, neno baada ya neno, mpaka akafika kwenye written.

“Kimeandikwa,” akasema, na sauti yake ikapoteza ukiranja kidogo. “Ufunguo umo.”

Bibi arusi aliruka kigoda kikaenda upande wake. “Basi utoe!”

“Subiri. Kuna neno jingine hapa.” Neno lenyewe lilikuwa readlocked. “Kimefungwa kisisomwe.”

“Na nani?” mshonaji akang’aka. “Mbona humu ndani tuko sisi tu?”

Kiranja akakohoa kikohozi cha mtu anayetafuta pa kuanzia. “Na mimi. Nilikipangia kanuni. Kompyuta ikiwashwa, ufunguo unatolewa mara moja tu, kabati linafunguka, kisha kisanduku kinajifunga ili programu nyingine isiuchungulie. Kitakubali kusomwa tena siku kompyuta itakapozimwa kabisa na kuwashwa upya. Kuifunika hakutoshi. Ikifunikwa inalala tu, na kufuli linalala nayo.”

Mama mdogo na bibi arusi wakatazamana, kisha wakacheka hadi wakashikana mabega.

“Shemeji! Umemwekea kanuni mtu mwenye kanuni?”

“Sikufikiri kwamba kuna mtu duniani asiyezima kompyuta.”

“Na mimi sikufikiri kuna mtu duniani anayefunga kabati ndani ya kabati.”

“Basi zima, tuendelee,” Kiranja akasema.

Hapo kicheko kikakatika. Mshonaji akaweka kiganja juu ya kompyuta kama mtu anayemkinga mtoto. “Sizimi. Kazi iko mezani. Aliyenifundisha kushona alinizimia mashine siku moja katikati ya darizi, na ile nguo haikupona. Tangu hapo nimeapa.”

“Shemeji, hii si cherehani.”

“Kwangu inakula umeme na inanipa kazi. Ni cherehani.”

Kiranja alifungua mdomo ili atoe amri, akaufunga. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kanuni hawezi kumdharau mwenzake anayeishikilia ya kwake. Tena, ni kanuni hiyo iliyomzuia mshonaji asiifute chipu jana. Akaitazama meza, akalitazama gauni, akasimama.

“Kanuni inasema kazi ikiwa mezani. Na kazi ikiwa imekabidhiwa?”

Mshonaji alimtazama kwa jicho moja. Tabasamu likamjia polepole. “Ikikabidhiwa, naweza kuzima.”

Pini zikatolewa. Lesi iliyobaki ikakunjwa, mkasi ukaingizwa kwenye droo, meza ikafutwa mpaka ikang’aa. Bibi arusi akaingia nyuma ya pazia, akatoka amevaa gauni lake, bega la kushoto likiwa wazi.

“Mteja,” mama mdogo akasema kwa heshima zote, “pokea nguo yako. Imekwisha.”

“Nimepokea, mama mdogo. Ahsante sana.”

Ndipo mshonaji alipobonyeza kitufe, akafumba macho. Skrini ikawa nyeusi. Akabonyeza tena. Ikarudi nuru, ikaja sehemu ya neno la siri, vidole vikaliandika, na kabati likafunguka, michoro yote ikiwa imejipanga kama wanafunzi foleni. Wa mkono wa kushoto ulikuwa wa pili kutoka juu.

Mama mdogo alipiga kigelegele kilichotoka hadi barabarani. Kiranja akageuka kuufunga mkeba wa pini, maana macho yake yalikuwa yanamfanyia utovu wa nidhamu.

Alipogeuka tena, shemeji yake alikuwa ameketi mezani, utepe wa kupimia shingoni, uso mkavu kama karani.

“Anayefuata! Karibu, mteja. Gauni lina tatizo gani?”

“Halina mkono mmoja, mama mdogo.”

“Hee! Nani alikushonea hivi? Fundi hana adabu huyo. Lete hapa.”