Boljointi ya Mbele Kushoto

Mume wangu Vitomir anajua kila kitu kuhusu magari isipokuwa kunyamaza na kuyasikiliza. Siku gari letu lilipoanza kugonga, ko, ko, ko, kwenye mashimo ya mtaani kwetu, katika mji mdogo wa Bela Palanka, alifanya kile wanachofanya wanaume wote wa huku. Aliongeza sauti ya redio.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Hiyo inayogonga chini ya miguu yangu."

"Hiyo barabara, Deso. Barabara mbovu, gari litaimba?"

Ingekuwa gari la kwendea sokoni ningenyamaza. Lakini figo zangu zilishakata tamaa, na mara tatu kwa wiki Vitomir hunipeleka hospitali mjini Niš nikafungwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Njia inapita korongo la Sićevo, mwamba juu, mto chini, na malori ya kutoka mpakani hayampi mtu nafasi ya kukosea. Basi lipo, tena linapita karibu na kwetu. Vitomir hataki kulisikia. Mke wake apande basi kama mjane, na yeye yu hai na gari analo? Kwa hiyo nikawa napanda gari linalonibishia hodi kwenye nyayo.

Jumamosi akafungua boneti uani. Mtaani kwetu ukifungua boneti huhitaji kumwita mtu. Wanaume walitokea kama nzi, kila mmoja na kikombe chake kidogo cha rakija, pombe kali ya matunda, na kila mmoja na hukumu yake mfukoni. Budimir, aliyekuwa dereva wa trekta la ushirika, akaegemea mbele ya gari na kulikandamiza mpaka likadunda.

"Shokomzoba," akasema. "Zimekufa. Mnaona linavyocheza?"

"Linacheza kwa sababu ya tumbo lako," akajibu Spasoje, mwalimu mstaafu wa michezo. "Toa kitambi hapo, gari halijazoea kubeba ng'ombe. Hizo ni pedi za breki. Si inalia akikanyaga?"

"Inalia na inagonga," nikasema kutoka dirishani.

"Deso, tuletee kahawa," akasema Vitomir.

Nikaleta kahawa, na hasira nikabaki nayo. Wote pale walijua kitu kimoja na hakuna aliyekitamka. Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti letu, ipo gereji ya Sretko, fundi makenika anayeletewa magari kutoka Pirot mpaka Niš. Sretko ni ndugu wa Vitomir, wa baba mmoja na mama mmoja. Hawasemeshani tangu mazishi ya mama yao. Siku ile Sretko alichelewa, alikuwa chini ya gari la mtu, na Vitomir akamwambia mbele ya padri na waombolezaji: "Mama amekufa akikuita, wewe uko shimoni unalamba grisi." Sretko akaweka maua kaburini, akaondoka. Tangu hapo wakitaka kuambiana jambo, hata bomba la maji likipasuka, wananituma mimi.

Niliwahi kutegemea kwamba sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba ingewapatanisha. Siku hiyo kwetu hakuna mtu anayealikwa. Anayekuja amekuja, na hata adui akiingia unamkaribisha mezani. Lakini ndugu wana mtakatifu mmoja na siku moja, na mwenye nyumba haruhusiwi kuuacha mshumaa wake. Basi kila mwaka huyu anakaa na mshumaa wake huku, yule na wake kule, kila mmoja anautazama mlango wake, na kila mmoja anasema mwenzake hakuja.

Vitomir akabadilisha pedi. Kulia kukaisha, kugonga kukabaki. Akabadilisha shokomzoba zote mbili za mbele, akishinda uani na jeki na matusi. Gari likaacha kudunda, lakini kwenye mashimo ya mlango wa korongo nikasikia tena, ko, ko. Yeye akaongeza sauti ya redio. Nilishika kishikio cha mlango mpaka Niš, na nesi aliponipima presha akaniuliza nimekimbizwa na nani.

Kesho yake nilivuka barabara.

Sretko alikuwa shimoni chini ya gari la mtu. Akatoa kichwa. "Shemeji! Bomba tena?"

"Gari."

Akatoka, akafuta mikono, wala hakuuliza gari gani. "Akikanyaga breki, linagonga mara moja au mfululizo?"

"Mara moja. Kong."

"Kwenye lami safi?"

"Kimya."

"Na akizungusha usukani mmesimama?"

"Linaguna. Kama mzee anayeinuka kitini."

Akaitikia kwa kichwa. "Pedi zikiisha zinalia sauti nyembamba, kila mtu anasikia. Shokomzoba ikichoka gari linadunda halitulii. Hayo alikuwa nayo, na ameyamaliza. Hii inayogonga ni boljointi. Mbele kushoto." Akakunja ngumi, akaizungusha ndani ya kiganja cha mkono wa pili. "Ni kama nyonga yako, shemeji. Kirungu ndani ya kikombe. Kikombe kikilika, siku moja kirungu kinachomoka, na gurudumu linalala chini."

"Umejuaje ni kushoto?"

"Linapita hapa mlangoni kila siku. Nalisikia tangu kabla ya Pasaka."

Nilimtazama nisiamini. Tangu kabla ya Pasaka! Na sasa zabibu zilikuwa zimeanza kuiva.

"Na ukanyamaza?"

"Ni kazi ya saa moja," akasema, akiangalia kitambaa chake cha grisi. "Aje mwenyewe. Aseme 'Sretko, nitazamie gari', basi. Hata pole sihitaji."

"Na mimi nikifia korongoni?"

"Anayeendesha ni yeye, shemeji."

Nilirudi nyumbani. Vitomir alikuwa anakula supu ya maharage. Nikamwambia: ni boljointi, mbele kushoto, nunua hata leo uifunge mwenyewe.

Akaweka kijiko chini. "Nani kakwambia?"

Ningedanganya. Ningesema Budimir, ningesema nimeota. Lakini nilikuwa nimechoka. "Ndugu yako."

"Ahaa," akasema, na uso wake ukang'aa kabisa, kama aliyepata jibu alilolitafuta mwezi mzima. "Basi siyo boljointi."

Na hakuigusa. Alibadilisha bushi. Alibadilisha linki za stabilaiza. Alibadilisha beringi ya gurudumu la kulia, ambayo haikuwa na kosa lolote duniani. Chini ya gari lile kila kitu kiling'aa upya isipokuwa kile kirungu kimoja, kwa sababu kilitajwa na mdomo wa Sretko. Kila jioni alitoka uvunguni akiwa mweusi mpaka masikioni, akiniuliza, "Sasa unasikia?" Nilimjibu nasikia. Mwisho akaniambia ugonjwa umeingia masikioni pia.

Jumatano tukatoka getini. Akapinda kushoto, gurudumu likashuka ukingo wa mtaro mbele ya gereji, na kukatoka mlio ambao sitaueleza. Pua ya gari ikaanguka. Tulikuwa tunatembea mwendo wa mtu anayetoka kanisani, kwa hiyo sikuumia popote. Nilikaa tu nimekumbatia mfuko wangu wa blanketi na mkate, nikiwaza kona ya tatu ya Sićevo, ile isiyo na ukuta.

Sretko akatoka. Vitomir akashuka. Wakasimama huku na huku ya lile gurudumu lililolala, karibu kiasi cha kushikana mikono. Wote wawili wakaniangalia mimi.

"Shemeji," akasema Sretko, "mwambie mumeo asiliwashe, litakata mpira wa breki."

"Deso," akasema Vitomir, "mwambie huyo sikumuuliza."

Nikashuka. "Mmetaka kuniua," nikasema. "Wewe kwa kunyamaza na wewe kwa kiburi. Sina la kumwambia mtu tena. Midomo mnayo."

Vitomir akaita, "Deso, utapanda basi?" kana kwamba hiyo ndiyo aibu.

Nilipanda. Lilikuwa basi la kutoka Pirot, dereva simfahamu, na hatukufika mbali maana gari letu lilikuwa limeziba nusu ya njia. Kupitia kioo cha mbele niliwaona wakijaribu kulisogeza. Vitomir alikuwa nyuma, akisukuma kwenda mbele. Sretko alikuwa mbele, akisukuma kwenda nyuma. Wamekunja nyuso, mishipa imewatoka shingoni, na hakuna aliyefungua kinywa kumwambia mwenzake upande upi. Gari halikwenda popote.

Dereva akapiga honi, akacheka mpaka akafuta macho. "Hawa wajinga ni wa wapi? Unawafahamu, mama?"

"Hapana," nikasema. "Pita pembeni yao, nachelewa hospitali."