Supu ya Banda Namba Kumi na Nne

Mzee Yasuhiko Endo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya pipa la kumwagia mabaki ya supu, mkoba wake mapajani, na ndani ya mkoba mlikuwa na pazia la mlangoni lenye jina la mgahawa wao. Binti yake, Chizuru, alimwona kabla hata lango la tamasha la tambi halijafunguliwa. Angetaka, angekaa na wazee wenzake wakipiga soga. Lakini wapi! Alichagua pale pale ambapo watu wangemwaga supu iliyowashinda.

"Mabakuli yetu yakirudi matupu, pazia ni lako, na mgahawa pia," alikuwa amemwambia asubuhi hiyo. "Yakirudi na supu, tunafunga mgahawa mwisho wa mwaka. Miaka arobaini na mmoja inatosha."

Kwa hiyo banda lao lilikuwa na namba tu, kumi na nne, bila jina. Miaka minne sasa tangu Chizuru ashike upawa, na katika miaka hiyo yote baba yake hakuwahi kumaliza bakuli lake hata siku moja. Hula tambi, hunywa supu mpaka nusu, halafu hufuta mdomo na kuondoka. Jambo hilo lilimuuma Chizuru kuliko tusi.

Saa tatu lango likafunguliwa, na watu wakamiminika. Watu wa mji huu wa Kitakata, rameni, yaani tambi za supu, ni kifungua kinywa chao, sembuse siku ambayo mabanda thelathini yametoka pande zote za nchi! Huku supu ya mifupa ya nguruwe, kule ya miso, ile soya iliyochachushwa, na kila mpishi anapiga kelele kumshinda jirani. Moyo wa Chizuru ulimdunda kwa furaha. Alizikanda tambi kwa viganja mpaka zikajikunja, akazitumbukiza kwenye maji yanayochemka, akazichota, akazikung'uta maji kwa nguvu. Foleni ilikuwa imeshapita banda la jirani.

"Leo tumewaweza!" alimwambia Bi Setsu, aliyekuwa mhudumu wa mgahawa tangu Chizuru akiwa chekechea.

Bi Setsu hakucheka. Alikuwa ametoka kukusanya trei. "Wanamwaga, mwanangu."

"Nani?"

"Wote. Tambi wanamaliza, supu wanaipeleka kwa baba yako."

Chizuru alichukua kijiko. Akaonja supu kwenye sufuria: dagaa wakavu, nguruwe, chumvi yake, hakuna kilichopungua. Akaonja tena. Ilikuwa supu ile ile ya baba yake, tone kwa tone. Sasa hawa watu wana nini?

"Usiwaangalie wao," Bi Setsu alisema. "Kaa walipokaa."

Akajipakulia bakuli moja, akamwachia Bi Setsu jiko, akatembea mpaka kwenye mabenchi ya mbali, ambako upepo wa mlimani ulikuwa unapeperusha leso za watu. Akala kwa mwendo wa mteja, bila haraka. Alipofika kwenye supu, ilikuwa vuguvugu. Bakuli lenyewe, la karatasi, lilikuwa limeshapoa zamani, na chumvi ya sosi ya soya, ambayo haisikiki supu ikiwa moto, ilimchoma ulimi. Akataka kujizaba kibao. Kule mgahawani bakuli ni la udongo, limepashwa moto, na mteja yuko hatua tatu kutoka jikoni! Yeye alikuwa ameleta supu ya ndani akaipika nje.

Akarudi mbio. Moto akauongeza. Kila bakuli akalisuuza kwa maji yanayochemka kabla ya kupakua. Sosi ya soya akaipunguza kijiko kizima, kisha akayeyusha mafuta ya nguruwe na kuyamwaga juu ya supu, utando mwembamba wa kuzuia joto lisitoke.

Kivuli kikaanguka kwenye meza. Alikuwa baba yake.

"Nini hicho?"

"Mafuta, Baba."

"Supu yangu haina mafuta juu. Na sosi mbona umeibania?"

Upawa wa Chizuru haukusimama. "Supu yako haijawahi kupigwa na upepo. Nenda kakae, Baba, watu wana njaa."

Bi Setsu aligeukia pembeni kuficha tabasamu. Mzee akarudi kwenye kiti chake.

Baada ya hapo ilikuwa shangwe tupu. Kutoka kwenye mabenchi zilisikika tambi zikifyonzwa kwa kelele, halafu pakawa na kimya cha watu walioinua mabakuli usoni. Mwanamke mmoja alirudi mpaka bandani, akaligeuza bakuli waone chembe za pilipili tu zilizobaki chini. "Tazameni! Nimelamba!" Wateja wakacheka, foleni ikazidi kurefuka, na Chizuru, taulo kichwani, jasho likimtiririka, akajikuta anapiga kelele kushinda majirani wote.

Alasiri, tiketi moja ikawekwa mbele yake na mkono anaoujua. Mzee Yasuhiko alikuwa amepanga foleni kama mtu mwingine yeyote. Akapokea bakuli, akalipeleka kwenye benchi la mwisho kabisa, kwenye upepo mkali kuliko wote. Chizuru alipakua huku jicho lake liko kule. Baba yake alikula tambi. Akanywa. Akainuka na bakuli, akaenda nalo kwenye pipa.

"Anamwaga," Chizuru alinong'ona.

Mzee aliligeuza bakuli kifudifudi juu ya pipa. Kilidondoka kipande kimoja tu cha jani la kitunguu.

Akaja moja kwa moja mpaka mezani. "We mzee, foleni!" kijana mmoja alifoka. Yasuhiko akampita. Akafungua mkoba, akatoa lile pazia la bluu lililofifia, lenye jina la Endo, na akamwekea binti yake mikononi.

"Tundika upesi," alisema. "Mimi narudi nyuma ya foleni. Nikifika tena hapa mbele, nataka nile mahali penye jina."