Dada Aliomba Asubuhi Tu

Kazi ya ualimu iliyotangazwa ilikuwa ya siku nzima. Dada alilijua hilo, na bado siku ya usaili alinywa chai akiwa amesimama, akasema anakwenda kuomba asubuhi tu.

"Watakutoa kabla hujakaa," nilimwambia.

"Basi nitarudi mapema. Si ndicho ninachotaka?"

Mama akacheka kutoka kitandani. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelala tangu kiharusi, macho yalikuwa yanafifia, lakini masikio na ulimi vilikuwa vyake vilevile. Mama alimwita Dada Mkubwa, mimi akaniita Kitinda, na sikumbuki kama aliwahi kututaja kwa majina yetu. Asubuhi nilikaa naye mimi. Mchana nilikwenda kushona kwa fundi, kwa sababu asubuhi cherehani ilikuwa zamu ya mwenzangu. Kwa hiyo mchana ulikuwa wa Dada. Daktari alishatuambia, bila kuzunguka, kwamba Mama hakubakiwa na muda mrefu. Mama mwenyewe hakuogopa kufa. Aliogopa kufa chumbani hamna mtu, na Dada alikuwa amemwahidi kwamba hilo halitatokea.

Jioni Dada alirudi akiwa na kazi. Alituhadithia huku akivua viatu. Mkuu wa shule alikuwa mwanamume mpole, miwani yake kaipandisha kwenye kipaji cha uso, na alipomsikia alitikisa kichwa.

"Mwalimu, hapa hatuajiri nusu mtu."

"Mimi ni mzima, Mkuu. Ninachoomba ni nusu siku."

"Na mchana darasa nimwachie nani, mlinzi?"

Hapo Mkuu akamweleza kuhusu utaratibu wao. Shule ile ilikuwa na walimu wachache kuliko madarasa, na tangu zamani mwalimu akitoka, hata kwenda chooni, aliacha nguo yake kitini: koti, mtandio, chochote alichokuwa amevaa. Nguo ikiwa kitini, mwalimu yupo. Wanafunzi walikaa kimya, wakafanya kazi iliyo ubaoni. Hakuna aliyewahi kuacha nguo mchana mzima, lakini Mkuu hakuona ubaya wa kujaribu.

"Kwa hiyo umeajiriwa wewe na sweta yako," Mama alisema.

"Sweta ndiyo yenye cheti, Mama. Mimi nimeibebea mkoba."

Tulicheka sana jioni ile.

Sweta yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, na vifungo nilivishona mimi. Aliiacha shuleni kila siku alipotoka. Wiki za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha jirani yetu, ambaye binti yake alisoma darasa la Dada, akanisimamisha njiani.

"Mwambie dada yako apunguze kidogo. Sauti itamkauka."

"Kwani asubuhi anapiga kelele?"

"Asubuhi sijui. Nasema mchana. Binti yangu anasema mchana ndiyo anafundisha hasa, mpaka hesabu zimemwingia, mtoto ambaye alikuwa hajui nne na nne."

"Mchana yuko nyumbani, mama. Anamuuguza mama yetu."

Jirani alinitazama kama mtu anayetaniwa. "Nyumbani gani? Juzi nimempelekea mtoto sare, nikamwona kwa dirisha. Kanipa mgongo, anaandika ubaoni. Nikamsalimia, hata hakugeuka. Nikasema haya, ualimu umempanda kichwani."

Nilimjibu kwamba labda aliona mwalimu mwingine. Njia nzima nililirudia jibu hilo moyoni, na lilizidi kuchakaa.

Nilianza kumwangalia Dada. Alikuwa na sauti ya mafua isiyopona. Vidole vyake vya kulia vilikuwa na chaki jioni, ilhali alinawa kila aliporudi, na alikuwa akimfulia Mama shuka mchana. Nilimuuliza mchana walizungumza nini na Mama. Alifikiri muda mrefu. "Mambo ya kawaida," akasema, nikaona kwamba hakuwa anaficha kitu. Hakukumbuka.

Siku moja umeme ulikatika kwa fundi, nikarudi nyumbani jua likiwa bado kali. Mlango ulikuwa wazi. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, mgongo umenyooka, uso ameuelekeza ukutani. Midomo ilikuwa ikitikisika bila sauti. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, unakwenda kushoto kulia, kushoto kulia, kisha unashuka kidogo na kuanza tena.

Mama alikuwa amenyoosha mkono wake mzima hewani, anapapasa.

"Nani hapo? Kitinda?"

"Ni mimi, Mama."

"Afadhali. Nimeita mpaka nimechoka. Hapa mchana sina mtu."

"Mama, Dada yupo. Amekaa hapo hapo karibu yako."

Mama alinyoosha mkono mpaka ukamgusa Dada begani. Akaminyaminya kitambaa cha gauni, kama mnunuzi sokoni, kisha akaurudisha mkono kifuani.

"Hapo pana nguo tu," alisema.

Nilimtikisa Dada. Alikuwa baridi, na mwepesi kuliko alivyostahili kuwa. Aligeuza shingo, akanitazama bila kunijua, akasema kwa sauti ya upole ya darasani, "Rudia kutoka mwanzo."

Sikurudia chochote. Nilimwambia Mama avumilie kidogo, nikatoka.

Shule ilikuwa upande wa pili wa barabara kuu, nyuma ya karakana ya magari. Madarasa mengine yalikuwa na kelele za kawaida za mchana. La Dada lilikuwa kimya. Niliingia bila kubisha, na watoto hawakunitazama. Walikuwa wakiandika, vichwa vimeinama, kisha vinainuka pamoja kutazama mbele, kisha vinainama tena. Ubao ulikuwa umejaa mwandiko wa Dada mpaka pembeni. Vumbi la chaki lilikuwa bado linashuka.

Sweta ilikuwa kitini. Haikuwa imening'inia. Mabega yalikuwa yamejaa, na mkono mmoja wa nguo ulilala juu ya meza.

Msichana wa mbele akainua kidole. Hakuniinulia mimi.

"Mwalimu, nimemaliza."

Nilisogea, nikaishika sweta kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto. Kuiinua kulikuwa kama kumwinua mtoto aliyelala: uzito wote unakuja taratibu, kisha ghafla ni mwepesi. Nikaikunja chini ya kwapa. Nyuma yangu daftari la kwanza likaanguka, halafu kiti, na darasa likalipuka kwa kelele kama madarasa yote duniani.

Mkuu alinikuta kwenye ukumbi, miwani kipajini.

"Unampeleka wapi mwalimu wangu?"

"Nimechukua nguo ya dada yangu."

Alisikiliza zile kelele. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na sura ya mtu aliyekuwa akijua.

"Darasa hili halijawahi kufundishwa hivi," alisema. "Mwambie airudishe kesho. Kama hawezi, basi aje yeye siku nzima. Na kama hawezi vyote viwili, asije."

Nilikimbia. Nilipokaribia nyumbani nikasikia Dada anakohoa, na Mama anacheka. Dada alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, uso wake umezama shingoni kwa Mama, analia kama mtoto. Mkono wa Mama ulikuwa kichwani mwake.

"Kitinda, umemtoa wapi huyu?" Mama aliuliza. "Kaanguka hapa kama gunia. Angalia, ana joto kama mkate."

Nilimwambia Dada maneno ya Mkuu. Alijua, kama mimi nilivyojua, kwamba kazi nyingine haikuwepo. Alijifuta uso kwa ncha ya shuka.

"Kesho siendi," alisema.

Hakwenda. Walikaa pamoja mchana ule na zile zilizofuata, na niliporudi kutoka kazini Dada aliweza kunisimulia kila kitu walichozungumza, hata vichekesho vya zamani vya Mama ambavyo havikuwa na mwisho. Mama alifariki mchana, akiwa ameshikwa mkono. Dada anasema Mama aliviminya vidole vyake, kimoja kimoja, kama anayehakikisha vipo vyote, kisha akaacha.

Naandika haya kwa sababu sauti ya Mama imeanza kunipotea.

Dada bado anatafuta kazi. Hana mgonjwa tena, lakini kila usaili anaomba asubuhi tu, na kila mara wanamkatalia. Mkuu mmoja wa shule alimuuliza mchana ana shughuli gani.

"Nakaa nyumbani," Dada alimjibu.

Na kweli hukaa. Nikirudi kutoka kwa fundi namkuta kwenye kigoda kando ya kitanda kilichotandikwa. Huwa simsalimii kwanza. Naanza kwa kumgusa bega.