Mgeni wa Chumba cha Juu

"Wale walioko mlimani si maadui," alisema mheshimiwa mbunge Roidar Khan, akiwa amesimama juu ya tela la trekta katikati ya daraja. "Ni ndugu zetu walionuna. Na ndugu akinuna humpigi, unambembeleza."

Watu wa kijiji cha Barkalay waliokuwa wamefunga barabara na bendera zao nyeupe za kudai amani walimzomea hadi mto ukawa hausikiki. Walikuwa wamechoka. Ndugu hao walionuna walishachoma shule ya wasichana ya bonde la pili, wakamuua fundi saa kwa sababu alimkodishia mtu redio ya harusi, na sasa usiku walishuka kudai mikate kwenye kila mlango. Kila mara serikali ilijibu kwa maneno ya asali. Mwenye hasira kuliko wote alikuwa Haji Miasher, muuza mbegu, ambaye sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Kama ni nduguzo wapeleke kwako Peshawar!" alinguruma.

Kutoka juu ya paa la nyumba ya mwisho kabla ya daraja, Abai aliyasikia yote. Jina lake hasa lilikuwa Bakhtmina, lakini Abai maana yake ni mama, na kwa umri aliokuwa nao hapakuwa na mtu kijijini aliyethubutu kumwita vingine. Siku hiyo ya Alhamisi moyo wake haukuwa na utulivu hata kidogo. Mjumbe wa watu wa mlimani alikuwa amempitia akiwa juu ya pikipiki na kumwambia, kwa adabu kabisa, kwamba kesho Ijumaa baada ya swala wanakitaka chumba chake cha juu. Chumba hicho kilitazama daraja lote na barabara mpaka kwenye kona.

Alijua kitakachofuata. Vita vilivyopita waliomba walale usiku mmoja, wakakaa kiangazi kizima. Kisha jeshi likaja na mizinga, na nyumba ikabaki rundo la mawe. Yeye na marehemu mumewe waliijenga upya jiwe kwa jiwe, na mume akafariki kabla hata ya kupaka mlango rangi. Mara hii akiipoteza, hana mume wa kuijenga naye wala miaka ya kuijengea. Alikwenda polisi, wakamwambia hawana amri kutoka juu. Alikwenda ofisi ya wilaya, wakamwambia asubiri. Na leo huyo wa juu mwenyewe amekuja, anahubiri kubembelezana!

Abai akajitanda shuka lake, akashuka, akapenya katikati ya wanaume. Wakampisha.

"Roidar mwanangu," alisema mbele ya waandishi wa habari na kamera zao, "hotuba imekukausha koo. Nyumba yangu ile pale. Njoo unywe chai kwa mama yako."

Mbunge akaziangalia kamera. Mjane, mlima, kikombe cha chai. Picha gani nzuri kuliko hiyo? Meno yote nje, akakubali.

Haji Miasher alimfuata Abai hadi mlangoni, ametuna kama mkate ndani ya tanuri. "Abai, unamlisha huyu? Huyu?"

"Nyamaza Haji, uniletee mchele. Mzuri, usiniletee ule wa kuku."

Chai ikawa chakula. Abai akachinja jogoo wake wa pekee, akapika mboga za majani na wali wa bondeni uliozama katika siagi, na kila mbunge alipojifanya kuinuka, kinaletwa kitu kingine. Dereva wake alishalala chini ya mti wa jozi, mkanda umefunguliwa.

"Mama, sasa niruhusu niage."

"Wallahi huendi."

"Nina kikao mjini."

"Kikao hakina tumbo, kitangoja. Watu watasema nini? Abai alimfukuza mgeni na chungu kingali jikoni? Unataka nizikwe na aibu hiyo?"

Kwa watu wale mwenyeji akishasema wallahi, mgeni anayeondoka amemtukana. Mwanasiasa anajua tusi kama hilo linagharimu kura ngapi. Basi akakubali kujinyoosha kidogo, na Abai akampandisha chumba cha juu, akamtandikia godoro jipya alilomwekea mjukuu wake kwa ajili ya harusi.

Roidar akasimama dirishani, mikono kiunoni. "Mama, chumba kizuri hiki! Unaliona daraja lote."

"Ndiyo maana ndugu zako wamekipenda."

"Ndugu zangu wepi?"

"Si hao uliotuambia leo darajani? Wanakuja kesho baada ya swala, wamekwisha kunitumia salamu. Nikasema moyoni, bahati iliyoje! Mtakutana hapa hapa, utawabembeleza, na mimi nitapika."

Mheshimiwa akakaa juu ya godoro la harusi.

"Mama... wanakuja hapa? Ndani?"

"Wataingia kwa mlango ule ule ulioingilia wewe. Nikuletee chai nyingine?"

Hakutaka chai. Alitaka simu. Na hapo ndipo Barkalay iliposhuhudia muujiza. Kituo cha polisi walichokililia tangu theluji ya mwaka juzi, kilichokwama mara kwa bajeti, mara kwa sera, mara kwa mazungumzo nyeti, kilifika kabla jua halijagusa mlima, magari yamejaa askari na mifuko ya mchanga. Haji Miasher alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Halafu akaacha kucheka, akakaa juu ya jiwe, machozi yakimlenga, maana yule fundi saa alikuwa shemeji yake.

"Kumbe walikuwepo," alisema. "Siku zote hizi, kumbe walikuwepo."

Roidar alimwambia mkuu wa askari wawashe magari, waondoke mara moja.

"Mheshimiwa, ile barabara giza likikaribia hatuipiti," alijibu ofisa, mtu mpole mwenye masharubu mazito.

"Kwa nini?"

Ofisa akakohoa. "Ndugu zako, mheshimiwa."

Basi akalala, kama kulala ni kugeukageuka. Asubuhi aliamka na viatu tayari mguuni, lakini Haji Miasher, ambaye sasa alikuwa ameuelewa mpango wote na kuupenda kuliko mpango wowote aliowahi kuubuni mwenyewe, alikuwa akimngoja mlangoni na wazee wa ukoo wake.

"Mheshimiwa, umekula kwa ukoo wa Abai. Sisi wa kule chini tumekukosea nini?"

Akaenda kunywa chai kule chini. Huko wakamkuta watu wa mtaa wa kinu cha kusagia. Wao je, si wapiga kura? Akala mayai, akala mkate wa mahindi na mtindi, akala halua ambayo hakuna aliyejua imepikwa kwa sherehe gani. Kila alipotazama saa yake, mtu alimshika mkono na kumbusu. Alipofanikiwa kulifikia gari lake, adhana ya Ijumaa ilisikika, na mbunge gani ataonekana akiukimbia msikiti?

Baada ya swala pikipiki ikaja.

Mjumbe alikuwa kijana mwembamba mwenye bunduki begani na macho ya kukosa usingizi. Aliyaona magari ya polisi, akaona kijiji kizima kimesimama kando ya njia na bendera zake, ila hakugeuka nyuma. Alizima injini mbele ya mlango wa Abai.

"Mama, chumba?"

"Kina mgeni, mwanangu."

"Mgeni atoke."

"Mgeni hatolewi. Hilo hata mama yako alikufundisha." Kisha Abai akainua uso kuelekea paani, ambako mheshimiwa alikuwa amepandishwa na askari wake kwa usalama, na sasa anaonekana kuliko mtu yeyote bondeni. "Roidar! Jana ulisema ni ndugu. Huyu hapa. Basi niambie mbele ya watu, maana wewe ndiye serikali na mimi ni kikongwe tu. Nimpe chumba, au nisimpe?"

Ofisa mwenye masharubu alimtazama mbunge akingoja amri ambayo hakuwahi kupewa. Abai alikuwa amesimama wima mlangoni. Mbunge akisema "tuzungumze", nyumba imekwenda.

"Kijana wangu," Roidar alianza na ile sauti yake laini ya jukwaani, "sisi sote ni..." Akakwama. Akamtazama Abai. Pengine alikumbuka usiku wake wa kugeukageuka, pengine aliziona kamera. Mimi sijui, na Abai naye alisema hajui.

"Usimpe," alisema.

"Sikusikia, mwanangu. Masikio yangu ya kizee."

"Usimpe!" Safari hii ilikuwa sauti ya mtu, si ya mwanasiasa. "Mimi sina ndugu mlimani! Anayemtoa mjane ndani ya nyumba yake si ndugu yangu. Ofisa, akigusa mlango huo, mkamateni!"

Bunduki za askari zikainuka zote pamoja. Mjumbe akamkazia macho yule mtu wa paani.

"Roidar Khan," alisema. "Nyumba yako naijua. Ina geti la kijani." Akawasha pikipiki, akaenda zake.

Kijiji kililipuka. Ngoma zikatolewa, wanaume wakacheza barabarani, Haji Miasher akambeba ofisa mzimamzima na masharubu yake. Lakini Roidar aliposhuka ngazi alikuwa ameushikilia ukuta. Akajitupa kwenye kitanda cha kamba uani, uso umemwishia damu.

"Umemsikia, mama? Geti la kijani. Nina watoto mle."

Abai alikuwa amejiandaa kumcheka. Tangu jana alikuwa akilitunza neno kali la kumwambia saa hii. Likamyeyukia kinywani kabla hajalisema, akamwonea huruma kwelikweli.

"Nimemsikia. Hapa kwetu anajua mageti yote." Akamwekea kiganja kichwani. "Walete watoto. Chumba cha juu kinawatosha, na godoro unalijua."

Mheshimiwa akainamisha kichwa. Ofisa akaja, anahema kwa kubebwa, akapiga saluti. "Mheshimiwa, barabara ni salama sasa hivi. Tunakusindikiza wote?"

Roidar akainua macho. Akazitazama nyumba zilizopanda mlima, moja juu ya nyingine, kila moja na mlango wake.

"Nipe gari moja," alisema. "Wengine bakini hapa."